Ile ya Kijivu

Alhamisi. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamekaa upande wa Mpanda tangu asubuhi, hayaji wala hayaondoki, na mimi niko vivyo hivyo. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda hadi mlango wa banda la kuchorea, nimerudi. Kahawa nimeitengeneza mara mbili, na mara zote mbili nimeisahau ikapoa.

Kesho saa nne asubuhi Bi Rehema anafika kutoka Dar es Salaam kuchukua picha kubwa. Ana ukumbi wa maonyesho huko, na picha yangu ameiwekea ukuta mzima peke yake. Picha ipo. Imekauka. Hadi asubuhi ya leo ilikuwa inasubiri kitu kimoja tu, jina langu pembeni, na jina hilo nilishindwa kuliandika kwa siku mbili.

Leo naandika kwa herufi ndogo. Wanaosoma hapa hawawezi kuona tofauti, lakini mimi naiona. Kwa miaka mitatu simu hii ilikuwa inanionyesha maneno manne kwa wakati mmoja, makubwa kama mabango. Sasa naona sentensi nzima, na mwisho wake.

Jumatatu walinitoa bandeji Mpanda. Mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto watalifanya baadaye nikikubali. Muuguzi alisimama mbele yangu akainua mkono.

"Mzee, vidole vingapi?"

"Vitatu. Na sweta lako ni la bluu."

"Lilikuwa la bluu hata juzi, mzee wangu."

Juzi lilikuwa la kijivu. Ningeapa mbele ya kanisa zima kwamba lilikuwa la kijivu.

Nikafumba jicho jipya, nikatazama kwa la zamani: sweta likageuka rangi ya maji ya mtoni baada ya mvua. Nikafumba la zamani, nikafungua jipya: bluu, bluu iliyokoza kama kifuniko cha kalamu. Nilikaa pale kwenye benchi nikifunga na kufungua, kulia, kushoto, kama mtoto anayecheza na swichi, mpaka mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akauliza kama nimepata kichaa au nimepona. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Kicheko kilikatika kesho yake, ndani ya basi la kurudi. Nilikuwa nimekumbuka picha zangu.

Niseme wazi, kwa wasionijua, kazi yangu ni ipi. Mimi ni mtoto wa Burundi niliyevuka mpaka nikiwa na umri wa kuchunga mbuzi. Leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho, na nina wajukuu wasiojua hata jina la kilima nilichozaliwa. Nachora picha zisizo na mtu, wala mti, wala nyumba. Rangi na mistari tu. Kila anayeingia kwenye banda langu huuliza hii ni nini, na nimezeeka bila kupata jibu linalomridhisha mtu.

Kazi yangu ya kwanza ya rangi niliifanya msituni. Mishamo, makazi yetu ya wakimbizi, ilipokuwa inafunguliwa, sisi vijana tulipewa kazi ya kuwafuata wapima ardhi, wengine wakivuta mnyororo wa kupimia, wengine wakifyeka. Mimi nilibeba kopo la rangi nyekundu na brashi. Mstari mmoja kwenye mti maana yake ukatwe. Mistari miwili maana yake mti huo uko kwenye mpaka wa familia mbili: uachwe, na asiwepo wa kusema ni wake peke yake. Nilipaka miti mingi kuliko nyuso nilizopata kuzijua maishani. Jioni nilikuwa nageuka nyuma kutazama ile mistari ikipotelea kwenye msitu, na moyo ulikuwa unafanya jambo ambalo sikuwa na neno lake. Nilikuja kulipata kwenye vitabu, miaka mingi baadaye.

Kisha nikachora vibao vya maduka Mpanda, bucha, saluni, wauza mbegu. Nikachora alama za kopa na makasi. Padri mmoja akaniomba picha za Njia ya Msalaba, zote kumi na nne. Nilichora kumi na tatu vizuri, watu wenye pua na masikio. Ya kumi na nne, ya kaburini, nikaipaka giza tupu, na ufa mwembamba wa rangi ya udongo juu yake. Padri aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Yesu yuko wapi?"

"Yuko ndani, Padri."

"Basi mtoe nje kidogo, waumini wamwone."

Sikumtoa. Picha ikarudi nyumbani kwangu na kaburi likachorwa na mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoanza.

Picha zangu za kwanza zilipopelekwa Dar es Salaam kuonyeshwa, zilikwenda bila mimi. Wakati huo mtu wa makazi hakutoka bila kibali, na kibali changu kilitoka maonyesho yakiwa yamefungwa. Nilizizoea picha zangu hivyo, kama watoto wanaoruhusiwa kusafiri huku baba amebaki langoni.

Na kitu nilichokuwa nakitafuta kwa miaka yote hiyo ni kimoja, nakiri hapa kwa sababu ni rahisi kukiri kwa kuandika. Ni ukungu wa asubuhi kwenye bonde lililokuwa mbele ya nyumba yetu kule. Ulikuwa na bluu. Sikuwahi kuipata hapa. Nimechanganya udongo wa kichuguu, mkaa, chokaa, na bluu ya kufulia ile ya unga ambayo akina mama huweka kwenye shuka nyeupe. Nimepaka kwenye kitambaa cha gunia, kile kinachofungia marobota ya tumbaku, kwa sababu kinanywa rangi taratibu. Nimekaribia mara mbili tatu. Sikuwahi kufika.

Marehemu mke wangu ndiye alikuwa mwamuzi. Alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, bila hata kusimama, anasema, "Hiyo mbaya," au anasema, "Hiyo endelea." Alikosea mara chache sana. Alipofariki, miaka minne iliyopita, banda likawa kimya, na muda si mrefu macho nayo yakaanza kuingia moshi. Nilidhani ni huzuni. Huzuni haina dawa ya matone, kwa hiyo sikwenda kwa daktari.

Serafina ndiye aliyechukua nafasi ya kunichanganyia rangi. Ni mke wa mwanangu wa pekee, ambaye anaendesha lori na huonekana nyumbani siku chache kwa mwezi. Mikono yangu ilikuwa bado imara, ila sikuweza tena kuona kilichomo ndani ya kopo. Nilikuwa nakaa mbele ya kitambaa, yeye nyuma yangu na makopo. Nasema, "Ongeza bluu." Anaongeza. "Bado, ongeza." Anaongeza.

Mkwe kwetu hambishii baba wa mumewe. Ananiita Databukwe, neno la Kirundi la kumwita baba mkwe. Jina langu halitamki, hata kuniita kwa mbali shambani. Nikisema usiku ni mchana, atauliza kama nataka chai ya asubuhi. Hizo ndizo adabu alizolelewa nazo, na mimi nilizifurahia. Sikuwahi kujiuliza zingenigharimu nini.

Jumanne nilifika nyumbani na miwani myeusi, nikaenda moja kwa moja bandani. Daktari alikuwa ameniambia nisiiname, nisisugue jicho, nisikae kwenye vumbi. Kumwambia mtu wa Mishamo asikae kwenye vumbi mwezi huu ni kama kumwambia asipumue. Nilivua miwani. Nikafumba jicho la kushoto.

Picha saba za mwaka ule wa kwanza baada ya msiba zilikuwa zimeegemea ukuta. Nilizikumbuka kama picha za ukungu, nyororo, za mtu aliyeondokewa. Zilikuwa za bluu kama sare za shule. Zilipiga kelele. Jirani yangu Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliwahi kuchungulia mlangoni akauliza, "Mzee, hizi ni bendera za timu gani?" Nilimcheka moyoni. Nikasema huyu anajua ng'ombe tu.

Masanja alikuwa anaona.

Kisha nikageukia picha kubwa, ile ya Bi Rehema. Alipokuja mara ya kwanza wakati wa kiangazi alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Nataka hii. Ile ya kijivu." Nilishangaa. Nilijua nimeijaza bluu kuliko zote. Kwenye simu pia alikuwa anasema hivyohivyo, "ile ya kijivu, mzee, usimpe mtu." Nikafikiri labda watu wa mjini wana majina yao ya rangi.

Ni ya kijivu. Kijivu cha aina kumi au kumi na mbili, kimoja kinapumua ndani ya kingine, na mahali fulani chini kabisa kuna bluu iliyofichwa kama chumvi kwenye mchuzi. Mistari ni yangu. Nguvu ya mkono ni yangu, nauona mgeuko wa kifundo changu kila mahali. Lakini rangi sikuiomba mimi.

Ndiyo picha bora niliyopata kuichora maishani. Nilijua hivyo kabla hata sijaketi.

Jana asubuhi nilimkuta Serafina uani anachekecha unga wa muhogo. Nilisimama mbele yake nikiwa na lile jicho moja jipya.

"Serafina. Kwenye picha kubwa niliomba bluu."

Chekeche likasimama. "Uliomba, Databukwe."

"Ukaweka nini?"

Alitazama unga. "Jivu. La magunzi. Na bluu kidogo tu."

"Mara ngapi?"

"Kila ulipoomba."

"Na zile saba?"

"Zile nilikupa kama ulivyosema. Watu wakawa wanakuja kuangalia, wanakuaga vizuri, wakifika barabarani wanacheka. Mimi nachota maji, nawasikia." Sauti yake ilikuwa inashuka. "Sikutaka wakucheke tena."

"Kwa nini hukuniambia sioni?"

Hapo aliinua macho, mara ya kwanza tangu aolewe hapa nadhani, akanitazama usoni. "Ningekuambia kwa mdomo upi?"

Sasa naandika jambo la aibu. Nilimkaripia. Nilimwita mwizi. Nilisema amechukua kitu changu cha mwisho, na kwamba marehemu mama mkwe wake asingethubutu. Nilisema maneno hayo kwa Kirundi, lugha ambayo kwetu tumeiweka kwa sala na kwa mambo mazito, ili yamuumize vizuri. Alifunika unga kwa kanga, akachukua jembe, akaenda shambani, ingawa mvua haijanyesha na hakuna cha kulima.

Marehemu mke wangu asingethubutu! Alikuwa ananiambia "hiyo mbaya" mbele ya wageni.

Nikaingia bandani. Nikachanganya bluu mwenyewe, bluu halisi, na jicho langu halisi. Nilikuwa nimeamua kuirudisha picha kwangu. Nikapiga mstari mmoja, upande wa chini kushoto, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nikarudi nyuma nione kama ndiyo ile bluu ya bondeni, ya asubuhi, ya mbele ya nyumba yetu.

Sikukumbuka.

Nilifumba yote mawili nikatafuta. Niliona mbuzi. Niliona kizingiti cha mlango kilicholiwa na mchwa. Nilisikia mama akikohoa kwa sababu ya moshi wa jikoni. Ukungu ulikuwepo, najua ulikuwepo, lakini rangi yake ilikuwa imekwisha kuondoka bila kuniaga, sijui mwaka gani. Huenda iliondoka zamani sana na mimi nikaendelea kuagiza tu, ongeza, ongeza. Huenda hata haikuwa bluu.

Nilichukua kitambaa nikajaribu kuufuta ule mstari. Ulipungua, haukutoka. Gunia lilikuwa limeshakunywa.

Serafina alirudi jua likiwa limeinama. Alipika, akaniwekea chakula, akaondoka. Tulilala nyumba nzima bila salamu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu msiba.

Leo asubuhi aliniletea uji bandani kama kawaida. Aliweka bakuli, akaona lile doa. Nilimwona anavyoliona. Alitoka, nikadhani ndio basi. Akarudi na kopo la jivu na kitambaa kibichi, akasimama nyuma yangu, mahali pake pa siku zote.

"Databukwe. Nifute, au niache?"

Kwa miaka yote hii hakuwahi kuniuliza. Alikuwa anatii, na baadaye alikuwa anadanganya, na vyote viwili alivifanya kwa heshima. Lakini swali lilikuwa jipya, na nililisikia lilivyomgharimu.

Nilitaka kuomba radhi. Mdomo ukasema kitu kingine.

"Wewe unaonaje?"

Alifanya jambo ambalo wachoraji wengi niliowajua hawajui kulifanya: alirudi nyuma hadi mlangoni, akatazama picha nzima, akatazama nje kwenye mwanga ili macho yapumzike, akatazama tena. Hakuna aliyemfundisha. Uji wangu ukapoa.

"Iache," akasema.

"Inapiga kelele."

"Ni moja tu. Nyumba ikinyamaza yote, Databukwe, watu hudhani kuna msiba."

Nilicheka mpaka jicho likaniuma, na daktari hakusema lolote kuhusu kucheka. Yeye akafunika mdomo kwa upindo wa kitenge, mabega yakitikisika. Nilipomaliza kucheka nikamwambia, kwa Kirundi kilekile nilichomuumiza nacho, kwamba nilikosa. Alisema, "Uji wako umepoa, nikupashie," na ndilo jibu alilonipa.

Nikamuuliza pia alijuaje kiasi cha jivu. Alishangaa kwamba hilo ni swali. "Nilikuwa natia kidogo kidogo mpaka inatulia," akasema, kama anayeeleza ugali.

Baada ya hapo nilifungua kopo la rangi nyekundu. Nilitafuta ile ile ya msituni, ya vibao; sikuipata, nikatumia iliyobaki ya kupakia mlango. Pembeni ya picha, mahali ambapo kwa miaka yote nimekuwa nikiandika jina, nikapiga mstari mmoja mfupi, wima. Nikamnyooshea brashi.

"Piga wa kwako, kando ya wangu."

"Mimi? Hapana. Hapana, Databukwe, mgeni atauliza."

"Aulize."

Nikamweleza habari ya miti ya mpakani. Alizaliwa hapa hapa, mashamba yakiwa yameshagawanywa, hakuwa anajua kwamba kuna siku mtu alipita na kopo akiamua mti upi ufe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akashika brashi kama mwiko wa kusongea, kwa mikono miwili, akapiga. Mstari wake umepinda kidogo, na ni mrefu kuliko wangu. Akakimbia kwenda kumpa mbuzi maji, mbuzi ambaye nilimwona akinywa dakika chache kabla.

Kwa hiyo picha imetiwa alama. Na sijatulia.

Bi Rehema ameshachapisha kadi ya ukutani, alinitumia picha yake: jina moja, langu, na chini yake maneno mazuri kuhusu jicho la mzee lililoona mbali. Hilo neno jicho limenikaa kooni tangu Jumanne. Nikimwambia ukweli, anaweza kusema hataki picha ya watu wawili. Anaweza kusema hadithi ya mzee peke yake ndiyo iliyompa ukuta. Nina umri ambao ukuta mwingine hauji. Tangu asubuhi nimefanya mazoezi ya sentensi ya kumwambia, na kila ninapoikaribia naanza kuizunguka. Nasema "nilisaidiwa". Nasema "mtu wa nyumbani". Mzee mzima, nazunguka jina kama mkwe.

Na jicho la kushoto? Daktari anasubiri jibu. Leo nimeitazama picha kwa hilo tu, nikiwa nimefumba jipya, na kila kitu kikawa rangi ya asali na moshi, karibu sana na ninavyodhani ilikuwa asubuhi ile bondeni. Sijui kama niko tayari kuruhusu waniondolee rangi hiyo.

Nje upepo umeanza, Serafina anaanua muhogo kwa haraka, anamfokea mbuzi. Matone mawili matatu yamegonga bati, yakaacha.

Nimeamua hili moja, mengine yakae. Kesho saa nne, Bi Rehema akiinama kwenye ile pembe na kuuliza mistari hii miwili ni ya nini, sitaanza na msitu, wala na macho yangu, wala na Burundi. Adabu zetu zinamkataza Serafina kutaja jina langu. Hakuna adabu inayonikataza mimi kutaja lake, nami nitaanza nalo.